Tomi hakuacha neno

Neema, 20:41
Shikamooni wakubwa. Samahanini kwa kunyamaza wiki nzima. Ujumbe nilikuwa nausoma, kujibu ndiko nilikokuwa siwezi. Asanteni sana kwa pole zenu za mbwa wangu Tomi.

Mama, 20:42
Marahaba mwanangu. Umekula?

Neema, 20:44
Nimekula mama. Ila kuna jambo linanisumbua, nikikaa nalo peke yangu naona sitalala tena leo. Mnakikumbuka kile kitabu alichonipa kaka Baraka, kinachosimuliwa na mbwa?

Baraka, 20:44
The Art of Racing in the Rain, cha Garth Stein. Kilitoka 2008. Dada, usiniambie ndicho unachosoma sasa hivi.

Neema, 20:48
Nilikianza usiku uleule tuliorudi kwa daktari bila Tomi. Nilikuwa sitaki kulala, na nyumba ilikuwa kimya mno. Nikakifungua nikidhani ni hadithi ya mashindano ya magari. Kumbe inapoanza tu Enzo, yule mbwa anayesimulia, ni mzee, amelala sakafuni, amejikojolea, anamsubiri bwana wake Denny arudi kutoka kazini. Tomi asubuhi ile nilimkuta hivyohivyo kaka. Hivyohivyo, pale karibu na mlango.

Baraka, 20:49
Nisamehe Neema. Nilikinunua kabla hajaanza kuumwa. Ningejua ningekificha.

Rehema, 20:50
Pole binamu yangu. Kifunge tu, utakimalizia mwakani.

Neema, 20:53
Kukifunga ndiko nimeshindwa. Zimebaki kurasa kama kumi. Nasoma, nalia, nakiweka, nakirudia. Enzo anaeleza kila kitu! Analalamika kwamba ulimi wake mrefu na bapa haukuumbiwa maneno, lakini sisi wasomaji anatuambia yote. Na pale mwanzoni yuko tayari kwenda, anataka Denny aelewe hivyo, asijisumbue kumng'ang'ania. Hayo maneno ningetoa chochote nilichonacho Tomi aniambie.

Mjomba, 20:57
Mpwa wangu, nakupenda ndiyo maana nasema wazi. Hicho kitabu kimeandikwa na mtu. Mbwa anayetazama televisheni, akajifunza humo kwamba huko Mongolia wanaamini mbwa aliyekamilika akifa anazaliwa mtu, huyo si mbwa. Ni mtu kavaa ngozi ya mbwa. Usichukue maneno yake ukamtafutia Tomi.

Shangazi, 21:01
Kaka, ni kweli, lakini mtu naye hana pengine pa kuanzia ila kwenye maneno yake mwenyewe. Virginia Woolf mwaka 1933 aliandika maisha ya Flush, mbwa wa mshairi Elizabeth Barrett Browning, na alijitahidi sana kumfuata kwa puani, harufu baada ya harufu. Hata yeye mahali fulani maneno ya binadamu yanamwishia, anakiri hatuna majina ya harufu hizo. Mimi hapo ndipo nilipompenda mwandishi yule.

Imani, 21:02
Shangazi huyu ni Imani natumia simu ya mama. Mbwa anaona rangi gani

Rehema, 21:04
Mwanangu, wewe ulale. (Bluu na manjano anaziona vizuri, nyekundu na kijani zinamchanganya. Ila pua, vipokea harufu vya mbwa hufika mamia ya milioni, sisi tuna milioni chache tu.)

Neema, 21:09
Niseme kilicho moyoni basi. Mimi ndiye niliyetia saini ile karatasi ya kuruhusu achomwe sindano ya mwisho. Daktari alisema figo zimekwisha, nikasaini. Nilimshika kichwa. Alinitazama mpaka mwisho, hata baada ya mwisho macho yalikuwa wazi yananitazama. Sasa kila nikisoma sauti ya Enzo, pembeni yake nasikia ya Tomi, inasema: nilikuamini, ukanipeleka mwenyewe.

Na tangu miezi ile alikuwa anakunywa maji mengi, bakuli najaza mara mbili mara tatu kwa siku. Mimi nikafurahi. Nikadhani ni afya.

Mama, 21:10
Ee Mungu. Mwanangu hukusema.

Rehema, 21:18
Neema nisikilize, hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kwanza macho. Ile sindano ya mwisho ni dawa ya nusukaputi kwa kiwango kikubwa. Fahamu ndiyo inayozimika mwanzo, ndani ya sekunde chache, kisha pumzi, kisha moyo. Misuli yote inalegea, na kope zikilegea hazijifungi. Wanyama karibu wote wanabaki macho wazi. Yale hayakuwa macho ya kukutazama. Alipokutazama kwa kweli ni kabla, ulipokuwa umemshika kichwa, na wakati huo alikuwa anasikia mikono yako na harufu yako.

Pili figo. Figo zina akiba kubwa. Dalili za damuni zinaanza kuonekana theluthi mbili au hata robo tatu ya uwezo wake ikiwa imeshapotea. Kunywa maji mengi ni figo zinazoshindwa kuukoleza mkojo, na wenye mbwa wengi ninaowapokea wanadhani ni joto. Na mbwa huficha maumivu. Hukuzembea. Ulikuta kitu kimeshafika mbali.

Neema, 21:20
Hakuna aliyeniambia habari ya kope. Wiki nzima nayaona macho yale.

Rehema, 21:21
Ilibidi uambiwe kabla, palepale. Sisi tunaofanya kazi hii tukisahau kusema tunamwachia mtu mzigo asiostahili. Pole sana.

Shangazi, 21:29
Neema mwanangu, shangazi yako nina swali. Hilo la "nilikuamini, ukanipeleka", Tomi alilisema lini? Usinijibu haraka.

Nakuona unasoma vitabu viwili kwa pamoja. Kimoja ameandika Garth Stein, amempa mbwa wake maneno ya msamaha. Cha pili unakiandika wewe kichwani usiku, na mbwa wako mwenyewe umempa mashtaka matupu. Mjomba wako amekuambia Enzo ni mtu kavaa ngozi ya mbwa. Basi na huyo Tomi anayekushtaki usiku ni wewe umevaa ngozi yake.

Mjomba, 21:31
Hapo dada umesema nilichoshindwa kusema.

Shangazi, 21:36
Mnakumbuka katika Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, Adili anavyowapiga wale manyani wawili, nduguze waliogeuzwa, usiku huku analia? Ameamriwa, hana njia, na anawapenda. Nilipokisoma msichana nilimhurumia nyani. Nilipokisoma mtu mzima nilimlilia mwenye fimbo. Manyani hawasemi kitu pale. Uchungu wote tunausoma kwenye machozi ya Adili.

Neema, 21:41
Shangazi umenigusa mahali. Nimekiweka kitabu kwanza.

Kazini leo mtu kaniambia "si mbwa tu, utapata mwingine". Hakuwa na ubaya, nadhani. Lakini nilikwenda chooni nikalia, kisha nikaona aibu kwa kulia.

Baraka, 21:47
Aibu ya nini. Ngoja nikuambie kitu nilichokisoma kikanikaa. Ujerumani, pale Oberkassel karibu na Bonn, mwaka 1914 wachimba mawe walikuta kaburi la miaka ipatayo 14,000. Mwanamume, mwanamke, na pamoja nao mbwa mchanga wa miezi kama saba. Watafiti walipoyachunguza meno yake waliona alama za distempa, ugonjwa hatari wa mbwa. Aliugua zaidi ya mara moja, kwa wiki kadhaa, na ugonjwa ule bila mtu wa kukupa maji na kukupangusa unakufa mapema. Yeye aliendelea kuishi kwa muda. Mbwa mgonjwa, mdogo, asiyeweza kuwinda wala kulinda. Kuna mtu alikesha naye, dada. Watu wa zama za mawe, hawana hata jembe, walikuwa wanauguza mbwa.

Rehema, 21:48
Distempa mpaka leo inatutoa jasho. Hiyo habari sikuijua.

Mama, 21:52
Sasa mimi naomba niseme. Wote mnazungumza kifo. Neema, Tomi umekaa naye miaka kumi na miwili. Kuugua aliugua miezi minne. Ukitaka kumpa sauti usimpe ya siku moja. Mimi namkumbuka alivyokuwa akisikia hatua zangu anakwenda kuchukua kiatu, kimoja, hakileti kwangu, anasimama nacho mdomoni katikati ya chumba kama amesahau alichokuja kufanya.

Baraka, 21:53
Na akikupokea alikuwa analia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia safari.

Mjomba, 21:58
Mimi nilikuwa nakaa naye sana kuliko mnavyojua. Ile miezi mke wangu alipolazwa, nikija hapo alikuwa anaegemeza ubavu wake kwenye goti langu. Haniombi kitu. Anaegemea tu. Nilipomsoma Enzo anavyounusa ugonjwa wa Eve, mke wa Denny, kabla ya watu kujua, nilifunga kitabu nikatoka nje. Ndiyo, nami nimekisoma. Sikutaka kusema.

Neema, 22:00
Mjomba! 

Mjomba, 22:01
Nilikisoma chote mpwa wangu. Ndiyo maana nilikuwa mkali pale juu.

Imani, 22:03
Nimeandika kitabu cha Tomi. Mama amesema nitume halafu nilale

"Mimi ni Tomi. Mlango. Mlango. Mlango bado. Harufu ya Neema iko kwenye kiti lakini ni ya asubuhi. Inakuwa ndogo ndogo. Ikiwa ndogo sana ndio anakuja. Sasa iko ndogo sana. MLANGO. Neema"

Shangazi, 22:04
Imani. Mtoto wangu.

Rehema, 22:06
Hilo la harufu kupungua mimi sikumfundisha. Kuna wanaodhani mbwa hujua saa kwa njia hiyohiyo, harufu ya mwenye nyumba inavyofifia kadiri siku inavyokwenda. Halijathibitishwa vizuri, lakini mtoto amelifikia mwenyewe.

Neema, 22:15
Nimesoma mara nne. Imani, asante mwanangu. Mwishoni umeandika jina langu tu, na lile la kunishtaki halimo.

Sikuwa nimefikiria upande huo kabisa. Kwamba kwa Tomi mimi ni harufu inayopungua halafu inarudi yote kwa mara moja. Siku ya mwisho hakunisubiri mlangoni kwa sababu sikutoka. Nilikaa naye sakafuni tangu alfajiri. Kwa pua yake siku ile nilikuwa nyumbani siku nzima.

Mama, 22:16
Ndiyo mwanangu. Ndiyo.

Neema, 22:22
Ngojeni nami nijaribu. Nisipoandika sasa nitaogopa.

"Mimi ni Tomi. Leo hajavaa viatu. Viatu ndivyo vinavyomchukua, leo vimelala. Ananishika sikio, lile la kushoto linalowasha. Maji yananuka chuma. Mgongo unauma, kisha mkono wake, kisha mgongo. Gari. Sipendi gari, lakini na yeye yumo. Meza ya baridi. Mkono wake uko chini ya kidevu changu, una chumvi. Nalamba chumvi."

Nimeishia hapo. Kweli alinilamba, jamani. Kiganja kilikuwa na machozi. Nilikuwa nimelisahau kabisa hilo, macho yalikuwa yamelifunika.

Shangazi, 22:25
Usiongeze neno. Liache hivyo.

Baraka, 22:27
Zile kurasa kumi utazimaliza?

Neema, 22:29
Nataka. Ila peke yangu sitaki. Kaka unaujua mwisho, usiniambie.

Baraka, 22:29
Siwezi kukuambia hata ukinilazimisha.

Mama, 22:31
Soma kwa sauti, nakusikiliza. Mimi Kiingereza cha vitabu kinanipita, Baraka atanifafanulia, lakini sauti yako nitaijua ikitetemeka.

Mjomba, 22:32
Niungeni na mimi. Sitasema kitu.

Rehema, 22:33
Imani amelala ameshika simu. Nimeichukua. Mimi nipo.

Neema, 22:36
Nimekaa palepale sakafuni karibu na mlango. Sijui kwa nini, ndipo ninapotaka. Mkanda wake wa shingoni uko hapa kwenye ndoano, bado unanuka yeye.

Mama, 22:37
Pokea simu mwanangu, inaita.