Tovuti ya "taja dau lako" imenipiga New York: dola 95 kwa usiku zimekuwa 159, na kitanda kimoja mimi na mama mzazi

Wakuu, nimerudi leo alfajiri na hasira haijaisha, mnivumilie.

Mama alikuwa anarudi Tanga baada ya kukaa kwangu Columbus miezi mitano. Ndege ni Kenya Airways, ile ya moja kwa moja kutoka uwanja wa JFK, New York, hadi Nairobi. Nikasema haiwezekani mama aondoke Marekani hajaiona Manhattan, tukalale siku mbili. Hoteli nilizoangalia zilianzia dola 240 kwa usiku. Jamaa wa kazini akanielekeza tovuti ambayo unachagua eneo na idadi ya nyota, unataja dau, unaweka kadi. Jina la hoteli hulioni mpaka dau likubaliwe, na likikubaliwa hela imeshakatwa. Hakuna kughairi.

Nikaanza na 70, likakataliwa. Na huruhusiwi kupandisha dau tu ukajaribu tena: ama uongeze eneo, ama ushushe nyota, ama usubiri kesho. Nikaongeza eneo, 80, likakataliwa. Nikaongeza tena, 95, likakubaliwa. Nilianza nikitaka Midtown, katikati ya Manhattan, peke yake, nikaishia kukubali karibu kisiwa kizima cha Manhattan, maana kila wakikukataa kuna kitu unaachia.

Sasa hesabu. Usiku mbili ni 190. Tovuti ikaongeza 48 za "kodi na huduma". Kodi ya hoteli New York ni asilimia 14.75 na dola 3.50 kwa usiku, yaani kama 35 kwa chumba changu. Hizo 13 zilizobaki ni za kwao. Kufika mapokezi naambiwa kuna ada ya hoteli, 35 kwa usiku, nayo inatozwa kodi. Ada ya nini? Intaneti na chupa mbili za maji. Jumla 318. Na tangu Mei 2025 Marekani ina kanuni kwamba ada za lazima za malazi ziwe ndani ya bei wanayokuonyesha tangu mwanzo!

Hapo bado wakashikilia dola 200 kwenye kadi yangu ya benki kama dhamana. Zile ndizo nilizotenga kulipia begi la tatu la mama. JFK tukafungua mizigo mbele za watu, sufuria na viatu vya wajukuu nimerudi navyo Columbus.

Lakini kilichonichoma ni chumba chenyewe. Kitanda kimoja. Nikashuka mapokezi kuomba viwili, dada akasema tovuti inauza chumba cha watu wawili, haiahidi vitanda viwili, na hoteli imejaa. Mimi mwanaume wa miaka 41 nilale kitanda kimoja na mama aliyenizaa? Narudi juu namkuta mama, miaka 68 na magoti yake yale, ameshatandika kanga chini. Anasema, "Lala kitandani baba, umeendesha gari kwa saa tisa." Wakuu, nilitoka nikasimama kwenye korido kwanza. Usiku zote mbili nimelala kwenye zulia na koti langu, na mama hakulala vizuri kwa sababu kila nikigeuka ananiuliza kama nina baridi.

Nimewapigia tovuti, dakika 50 kwenye simu, jibu ni moja: ulikubali masharti. Nimeyatafuta. Suala la vitanda limo, maandishi madogo, chini kabisa, baada ya kitufe cha kulipa. Kwa nini lisiwe juu, pale wanapouliza mko wangapi?

Kuna aliyewahi kupinga makato kama haya kupitia benki akarudishiwa? Ulipeleka ushahidi gani? Nina risiti zote na picha ya kitanda. Na kama ada ya mapokezi inapingwa peke yake, mbali na malipo ya tovuti, nielekezeni, Jumatatu niko benki.