Miwani ya kusomea: ya mezani (iliyo tayari kwa muuzaji), ya kupimiwa, au ya sehemu mbili?

MamaMshono: Habari zenu. Nina miaka 46, nashona. Siku hizi kutunga uzi nanyoosha mkono mpaka unaisha. Muuza miwani ananipa +1.50, jirani anaiita miwani ya wazee, kliniki wameandika "presibiopia". Ni matatizo mawili au moja? Na ipi inanifaa?

Mwl_Mwanga: Ni jambo moja, dada, na linampata kila mtu. Lenzi ya jicho ni laini; ukitazama karibu, hunenepa. Kuanzia miaka 40 hivi inakuwa imekakamaa, hainenepi vya kutosha, na miale ya mwanga inafika kwenye retina, pazia la nyuma ya jicho, kabla haijakutana. Miwani ya kusomea ni lenzi mbinuko, nene katikati, inaanza kuikusanya miale nje ya jicho. Ile namba ni diopta, kipimo cha nguvu ya lenzi. Gawa mita 1 kwa namba, unapata umbali: +2.00 ni sentimita 50. Jicho linaloona mbali vizuri, likivaa +2.00, kila kilicho nyuma ya sentimita 50 kinaingia ukungu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jua sindano yako inakaa umbali gani.

Neema19: Shikamoo mwalimu. Mbona mimi ni kijana na nimeambiwa "naona mbali", nikapewa za kujumlisha?

Mwl_Mwanga: Marahaba. Hiyo ni haipametropia: mara nyingi jicho lenyewe ni fupi, tangu utotoni. Mtaani yote mawili huitwa "kuona mbali", na watu wanaazimana miwani kwa sababu ya jina tu!

BabuGazeti: Nilianza na za mezani. Vioo vyote viwili huwa namba moja, na macho yangu hayalingani. Kichwa kiliniuma miezi mitatu. Nilipopimwa: kulia +1.75, kushoto +2.50. Wakapima na presha ya macho, ambayo huharibu kimyakimya.

FundiSuti: Kwa sisi mafundi, sehemu mbili: chini sindano, juu mteja mlangoni. Ila kwenye ngazi inamisha kichwa, utazame kwa kioo cha juu. Mimi nilishakosa kidato kimoja.

MamaMshono: Asanteni sana, na shikamoo babu. Nimepima kwa futi kamba, jichoni hadi sindanoni: sentimita 40. Jumatatu naenda kupimwa, na sindano naibeba.