Kondoo hunyolewa au hukatwa manyoya?

Zuhura (Molo) 19:12
Shikamooni wazee wangu. Kesho tunaanza kazi ya kondoo, nami nimepewa kuandika maelekezo ya vijana. Niandike "kukata manyoya" au "kunyoa"?

Mjomba Bakari 19:15
Marahaba mwanangu. Kinachonyolewa ni kichwa. Kondoo hukatwa manyoya.

Shemeji Danieli 19:16
Biblia iko upande wako mjomba. Isaya 53:7, kondoo hunyamaza "mbele yao wakatao manyoya yake".

Shangazi Rukia (Muscat) 19:24
Marahaba Zuhura. Huku Waarabu wamegawa. Kukata kwa mkasi ni qassa, na chombo chake ni miqass, ndio mkasi wetu huo. Kunyoa kichwa ni halaqa. Sufu ya kondoo ina neno lake: jazza.

Shemeji Danieli 19:27
Subiri shangazi! Kwenye Kiebrania, hapo hapo Isaya 53:7, neno ni gazaz!

Shangazi Rukia (Muscat) 19:29
Ndilo hilo hilo. Wamisri mpaka leo herufi jimu, yaani j, wanaitamka g. Ni lugha ndugu hizo, na neno ni la wafugaji wa zamani sana.

Shemeji Danieli 19:31
Ndiyo maana Nabali, 1 Samweli 25, ana kondoo 3,000, na siku za kazi hiyo anafanya karamu kama ya mfalme.

Mjomba Bakari 19:33
Sasa mbona sisi tumechukua sufu, tumechukua mkasi, jazza tukaiacha?

Shangazi Rukia (Muscat) 19:36
Lingetufaa kwa kazi gani, shemeji? Kondoo wetu wa asili wana nywele fupi tu. Merino, kondoo wa sufu, waliletwa na walowezi huko bara. Sisi naona sufu ilitufikia ikiwa kitambaa tayari.

Zuhura (Molo) 19:41
Basi niwaeleze ninavyoiona kazi yenyewe. Sufu ya tumboni hutolewa kwanza, halafu iliyobaki inatoka nzima, kama blanketi. Wembe unafuata ngozi. Ukipita juu ukaacha vishina, ukarudia palepale, nyuzi zinakuwa vipande vifupi, na sufu imeharibika. Tunachowakataza vijana ndiko kukata kwenyewe!

Mjomba Bakari 19:44
Hapo umenishinda. Kupitisha wembe kwenye ngozi ni kunyoa, awe mtu au mnyama.

Shangazi Rukia (Muscat) 19:45
Andika "kunyoa kondoo" mama, kwa herufi kubwa.

Mjomba Bakari 19:46
Na picha ya wa kwanza tuitumiwe hapa, kabla na baada.

Zuhura (Molo) 19:47
Asubuhi, inshallah. Tunaanza saa moja.