Serikali inaweza kweli kuzuia VPN za watu binafsi? Tujadili mitambo na sheria

Kasa_wa_Tanga:
Wakuu, salaam. Tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, la Oktoba 2023 lilitaka kila anayetumia VPN (programu inayosimba mawasiliano yako na kuyapitisha kwenye seva ya kati), awe mtu au kampuni, ajitambulishe kabla ya tarehe 30 ya mwezi ule, na miongoni mwa taarifa zilizotakiwa ni anwani ya IP, yaani namba ya kifaa kwenye mtandao. Msingi wake ni kanuni ya 16(2) ya Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020. Adhabu iliyotajwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mei 2025 X (zamani Twitter) ikafungwa nchini, na watu wakaendelea kuingia kwa VPN hizohizo.

Naomba wanaoijua mitambo wanisaidie. Mteja akiwasha VPN, kampuni ya simu inaona nini hasa? Na kama inaiona, kwa nini isizizime zote kwa mkupuo? Ushabiki wa vyama tuuweke pembeni.

FundiNjia:
Mkuu, wapo wanaosema VPN haionekani. Si kweli. Kampuni ya simu haisomi ulichofungua, ila inaona anwani ya seva unayowasiliana nayo, itifaki (utaratibu wa mawasiliano) na poti (namba ya mlango wake), ukubwa wa pakiti, yaani vipande vya data, na zinapita saa ngapi. Kwa VPN ya kawaida hayo yanatosha kabisa.

Kila itifaki ya VPN ina poti yake ya kawaida. PPTP hutumia poti 1723 ya TCP pamoja na itifaki ya GRE. L2TP ni 1701, IKEv2 ni 500 na 4500, OpenVPN ni 1194, WireGuard ni 51820, zote hizo kwa UDP. Wengi hudhani ukihamia poti 443, ile ya tovuti za HTTPS, umejificha. Pakiti ya kwanza ya WireGuard ina baiti 148 kamili, inaanza na 1 ikifuatwa na sifuri tatu, na jibu la seva ni baiti 92. Mtambo wa kukagua pakiti unaitambua kwenye poti yoyote ile. OpenVPN nayo haiko salama: watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha mwaka 2022, ndani ya mtandao wa mtoa huduma mwenye watumiaji wapatao milioni moja, kwamba zaidi ya 85% ya miunganisho yake inaweza kutambuliwa.

Njia ya bei rahisi zaidi ni kufunga anwani za seva na tovuti za kampuni za VPN. Shida ni kwamba orodha inazeeka haraka. Kampuni kubwa ina maelfu ya seva, na kukodi anwani mpya ni kazi ya dakika chache.

Mlinda_Lango:
Naongezea kwenye swali la pili. Kuzima zote kwa mkupuo kiufundi kunawezekana, ila gharama yake ni kubwa. Tawi la benki linazungumza na makao makuu kwa IPsec, VPN ya kiofisi inayotumia poti zilezile za IKEv2. ATM, balozi, mashirika ya ndege, hospitali zinazohifadhi data nje ya jengo, watu wanaofanyia kazi kampuni za nje wakiwa nyumbani, wote wanapita humo. Ukifunga poti 500 na 4500 bila ubaguzi, simu za malalamiko zitaanza kabla ya saa sita mchana.

Ndiyo maana serikali hukimbilia kuandikisha: wenye kibali wapite, wengine wafungwe. Kwa kampuni yenye IP ya kudumu inafanya kazi. Kwa mtu mwenye bando la simu, haifanyi. Simu yake hupewa anwani ya ndani, mara nyingi kwenye safu ya 100.64.0.0/10, kisha mtambo wa kampuni ya simu uitwao CGNAT unawatoa wateja wengi kwa IP moja ya nje, inayobadilika. IP unayoiandika kwenye fomu leo, kesho inatumiwa na mtu mwingine. Na kama fomu inataka IP ya seva ya VPN, programu huchagua seva nyingine kila ukiiwasha.

Kasa_wa_Tanga:
Asanteni, hapo nimeelewa. China je? Wale wana fedha na wataalamu. Mbona watu bado wanapita?

FundiNjia:
China ndiyo mfano unaofundisha zaidi. Baada ya itifaki zinazojulikana kufungwa, watu walihamia programu ya Shadowsocks na zinazofanana nayo, ambazo pakiti zake hazina alama yoyote, ni data iliyosimbwa tupu. Novemba 2021 ukuta wa China, yaani mfumo wake wa kuchuja intaneti, ukaanza kuzikamata kwa kutumia huko kukosa alama kwenyewe. Mtambo unahesabu wastani wa biti zenye 1 katika kila baiti (biti nane) ya pakiti ya kwanza. Data iliyosimbwa vizuri hukaa karibu na 4, kwa hiyo wastani ulio kati ya 3.4 na 4.6 unashukiwa. Ila baiti sita za mwanzo zikiwa herufi zinazosomeka, au pakiti ikifanana na mwanzo wa TLS au HTTP, itifaki za tovuti za kawaida, inaachwa ipite.

Sasa angalia walivyojibana wenyewe. Watafiti walikuta kipimo hicho kinatumika kwa takribani robo tu ya miunganisho, tena kwa safu za anwani za vituo vinavyokodisha seva. Wangekitumia kila mahali, kingeangusha na mawasiliano halali.

Jibu la waandishi wa programu likawa kujifanya HTTPS. Itifaki ya VLESS yenye nyongeza ya Reality, kwa mfano: mkaguzi akiibishia hodi seva ili kuipima, anapokea cheti halisi cha tovuti nyingine maarufu. Kuifunga kwa uhakika bila kugusa HTTPS ya kweli ni kazi ngumu mno.

Urusi waliionja gharama hiyo mapema. Aprili 2018, wakiisaka Telegram, walifunga mamilioni ya anwani za Amazon na Google, huduma nyingi zisizohusika zikaanguka, na Telegram ikaendelea kufanya kazi. Juni 2020 wakaondoa zuio.

Wakili_Mtulivu:
Mnaangalia waya tu, ndugu zangu. Marufuku nyingi zinafanya kazi mahali pengine. Apple iliondoa VPN kwenye duka lake la China mwaka 2017, na Julai 2024 ikaondoa kadhaa Urusi. Machi 2024 Urusi ikapiga marufuku kuzitangaza. Mtu wa kawaida asipoiona dukani wala asiposikia jina lake, hatahangaika kutafuta faili la kusakinisha kwa mkono. Hapo serikali inashinda bila kugusa pakiti hata moja, na hilo linanitia wasiwasi kuliko mitambo.

Someni pia maneno ya sheria. Kanuni yetu ya 16(2) inakataza kutoa, kumiliki au kusambaza teknolojia inayowezesha kufikia maudhui yaliyokatazwa. Neno zito hapo ni "kumiliki". Kwa ndugu zetu walioko Dubai, kifungu cha 10 cha sheria ya makosa ya mtandao ya 2021 kinamlenga anayeficha IP kwa nia ya kutenda kosa au kuzuia lisigundulike, faini dirhamu 500,000 hadi milioni 2, au kifungo. Hazifanani.

Na ushahidi wa kumiliki haupatikani kwenye mtambo wa kampuni ya simu. Unapatikana kwenye simu iliyo mkononi mwako.

Mlinda_Lango:
Kweli kabisa. Kuna madhara mengine yasiyosemwa: VPN zinazojulikana zikifungwa, watu wanapakua yoyote ya bure wanayoipata. Mwaka 2015 ilibainika kuwa Hola iligeuza vifaa vya watumiaji wake wa bure kuwa milango ya kutokea, na kuuza njia hiyo kwa wengine. Mtu wa tatu akifanya uovu, IP inayoonekana ni yako. Tafadhali msiwawekee wazazi wenu vitu vya namna hiyo.

Tena si kila VPN inayokwama imefungwa. Ikiunganika vizuri lakini kurasa zinaganda katikati, mara nyingi tatizo ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. WireGuard kwa kawaida huwekwa 1420. Kwenye mtandao wa simu shusha hadi 1280 ujaribu tena. Ikiwa hata salamu ya kwanza hairudi kwenye data, lakini kwa Wi-Fi ya kampuni nyingine inarudi, hapo ndipo ushuku kichungi. Kagua pia DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) na IPv6 (aina mpya ya anwani za IP), kwa sababu vyote viwili huvuja nje ya VPN bila onyo lolote.

Kasa_wa_Tanga:
La mwisho. Intaneti ikizimwa yote, kama hapa Tanzania Oktoba 29, 2025?

FundiNjia:
Hapo VPN haina kazi, mkuu. Inahitaji njia ya kupita, na njia haipo. Uganda ilikuwa hivyo Januari 13 hadi 18, 2021. Lakini kuzima huko kunasimamisha na biashara ya nchi nzima, ndiyo sababu huhesabiwa kwa siku. Kichungi cha X kinaweza kukaa miezi.