OBS: kamera ya pili inakuja nyeusi nikiswichi, halafu nataka kuona kamera zote kabla hazijaenda hewani

kamera_tatu_dsm:

Wakuu heshima kwenu, naombeni msaada. Napiga harusi na sendofu hapa Dar na siku hizi familia nyingi zinataka shughuli irushwe laivu YouTube, ndugu wako Muscat wengine Uingereza hawawezi kusafiri wote. Natumia OBS (programu ya bure ya kuchanganya kamera na kurusha laivu) kwenye laptopu ya Windows, kamera tatu zinaingia kwa HDMI kupitia kapcha kadi (vile vifaa vya kuingiza picha ya kamera kwenye laptopu) ndogo za USB zile za bei poa, sauti naichukua kwenye mikisa ya DJ.

Ishu ya kwanza, nikiswichi kwenda kamera 2 inakuja nyeusi kama sekunde mbili hivi ndo picha inatokea, saa nyingine haitokei kabisa. Ishu ya pili nikikliki sini (mpangilio wa picha niliouandaa ndani ya OBS) tu imeshaenda hewani, yaani siwezi kuchungulia kwanza kama jamaa wa kamera 3 ameshaweka fokasi au bado anahangaika na mjomba aliyesimama mbele yake, watazamaji wanaona kila kitu. Naona watu wa TV wana skrini moja yenye kamera zote kwa pamoja, hiyo kitu kwenye OBS inawezekana au lazima ninunue mtambo? Bajeti kwa sasa hakuna.

Fundi_Mitambo:

Mtambo bado mkuu, hayo yote OBS inafanya bure. Ila tuanze na huo weusi.

Fungua propatizi (setingi) za kamera 2, kuna kiboksi cha kuzima chanzo (yaani kinacholeta picha, hapa ni kamera yako) kikiwa hakionekani. Kikiwa na tiki OBS inaifunga kapcha kadi kila ukitoka kwenye sini hiyo na kuifungua upya ukirudi, ndo hizo sekunde zako mbili. Toa tiki, kamera zote tatu, ziwe zimewaka muda wote hata kama hazipo hewani.

Halafu hiyo ya kutotokea kabisa, hebu angalia kamera 2 umeiweka kwenye sini ngapi. Wengi wakitaka sini ya kamera mbili pamoja wanaongeza kifaa kilekile upya kama chanzo kipya, na Windows kwa kawaida haikubali kapcha kadi moja ifunguliwe mara mbili, aliyewahi anapata picha, wa pili anaambulia giza. Ukiongeza chanzo chagua kilichopo tayari kwenye orodha, usitengeneze kipya. Mimi nafanya hivi: sini moja kwa kila kamera, KAM 1, KAM 2, KAM 3, hazina kitu kingine ndani. Sini za mchanganyiko, tuseme MC kwa ukubwa na maharusi kwenye kadirisha pembeni, naingiza zile sini zenyewe kama vyanzo. Ukirekebisha rangi ndani ya KAM 2 inabadilika kote.

Kuchungulia sasa. Washa modi ya studio, kitufe kipo kulia chini karibu na cha kuanza kurusha. Dirisha linagawanyika, kushoto priviu, kulia ndo kinachokwenda kwa watazamaji. Ukikliki sini inakuja kushoto tu, mjomba akitoka njiani unabonyeza kitufe cha katikati inaenda. Ipo kata (picha inabadilika ghafla) na ipo fedi (picha moja inayeyukia nyingine), fedi inakuja imesetiwa milisekunde 300, kwa hotuba na dua ni sawa lakini watu wakianza kucheza tumia kata tupu, fedi kwenye muziki wa haraka inaonekana imelala. Pale pale kuna menyu ndogo yenye tiki ya kubadilishana priviu na hewani kila ukiswichi, iache imewaka, kamera uliyotoka inarudi priviu yenyewe na watu wawili wakipeana maneno wewe unabonyeza kitufe kimoja tu mpaka wamalize.

Skrini ya kamera zote inaitwa multiviu, ipo kwenye menyu ya mwonekano, ya dirisha au ya skrini nzima. Chomeka TV yoyote kwenye HDMI ya laptopu uipeleke huko. Sini iliyo hewani ina mpaka mwekundu, iliyo priviu wa kijani. Kama una sini ya "tutarejea punde" haina haja ya kujaza nafasi, ibofye kulia uitoe kwenye multiviu.

naswichi_kanisani:

Naongezea hapo kwa Fundi, multiviu ikiwa wazi OBS inahesabu kamera zote zinaonekana, kwa hiyo ule weusi unaweza kupotea hata tiki hujaitoa, ukadhani umepona, siku TV haipo unarudi upya. Toa tu tiki.

Na kaka usisahau sauti maana watu wanahangaika na picha wakati mtazamaji wa Muscat akikosa picha dakika moja anavumilia, akikosa sauti anafunga. Sauti ya mikisa usiiweke ndani ya sini ya kamera yoyote, iweke kwenye setingi za sauti kama kifaa cha jumla, iendelee kutoka hata uswichi vipi. Maiki za kamera zote zizime. Kisha piga makofi mbele ya kamera, rekodi, angalia: mara nyingi picha inayopita kapcha kadi inachelewa kuliko sauti, basi nenda setingi za juu (Advanced) za sauti uicheleweshe sauti kwa milisekunde mpaka kofi na mlio vikutane.

Kusikiliza kwa hedifoni ni hapohapo. Kila chanzo kina chaguo tatu, kutosikilizwa, kusikilizwa na wewe peke yako bila kwenda hewani, au vyote viwili. Hiyo ya katikati ndo mtego, meta ya sauti inacheza na wewe unasikia vizuri kabisa kumbe nje kimya. Na kifaa cha kusikilizia kiwe hedifoni, sio spika ya laptopu, maana kama umeongeza na sauti ya kompyuta kwenye OBS unapata mwangwi wa ajabu.

uza_nunua_vifaa:

Mnamchosha tu mwenzenu. Atafute ATEM Mini (mtambo mdogo wa kuswichi kamera) amalize, HDMI nne zinaingia, vitufe vya kubonyeza kwa vidole, USB moja inaingia kwenye laptopu kama webukamu. Na kila tundu linajirekebishia lenyewe fomati, hata kamera zako zisifanane.

Fundi_Mitambo:

Ni mtambo mzuri sikatai, ila amesema bajeti hakuna, na kitu anachotaka ni kuona kamera zote. ATEM Mini ya kawaida haina multiviu kwenye HDMI yake ya kutokea, unaanza kuipata kwenye Mini Pro, ambayo bei yake nayo imechangamka. Akinunua ile ya chini atarudi hapa na swali lilelile.

uza_nunua_vifaa:

Hapo kwenye multiviu nakubali. Basi ajaribu vMix, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ina majaribio ya siku 60 ikiwa kamili.

naswichi_kanisani:

vMix tamu lakini inataka mashine, laptopu inayopumulia juujuu kwenye OBS ndo utaiua kabisa. Amalize kwanza na alichonacho.

kamera_tatu_dsm:

Wakuu Mungu awabariki, tiki nimeitoa, KAM 2 inatokea papo hapo na multiviu nimeiweka kwenye TV ya sebuleni najifunzia. Kilichobaki nikiwasha zote tatu KAM 3 inaganda, nikichomoa moja yoyote zinakuwa safi. Kapcha kadi zote nimechomeka kwenye habu moja ya USB. Na swali la mwisho, wapiga kamera wanajuaje nani yuko hewani? Sasa hivi napiga kelele mpaka meza ya wazazi wanageuka.

mzee_wa_kebo:

Habu ndo mchawi wako. Hizo kapcha kadi za bei poa nyingi ni USB 2.0 ndani hata kama boksi limeandikwa 4K, na USB 2.0 njia yake nzima ni megabiti 480 kwa sekunde, ukiweka habu zote tatu zinagombania hizo hizo. Picha ya 1080p ya fremu 30 isiyobanwa (kwenye orodha imeandikwa YUY2) peke yake inataka karibu megabiti 1000, haipiti hata moja. Kwa hiyo propatizi za kila kamera, chagua rezolusheni mwenyewe badala ya kuiachia kifaa, fomati weka MJPEG (hiyo ndo iliyobanwa). Kisha zisambaze, moja tundu la kushoto, nyingine la kulia, ya tatu ndo ibaki kwenye habu. Jua tu kwamba matundu mawili kwenye laptopu saa nyingine nyuma yake ni njia moja, jaribu kuhamisha hamisha. Ikigoma kabisa ile kamera ya ukumbi mzima ishushe 720p, hakuna atakayejua.

Ukishamaliza fungua paneli ya takwimu uiache wazi shughuli nzima. Kuna mistari mitatu watu wanaichanganya. Fremu zilizokosekana kwenye kuchora, hapo GPU (chipu ya picha) imezidiwa, punguza madoido au funga vitu vingine. Fremu zilizorukwa kwenye kuenkodi (kubana video ya kurusha), hapo enkoda imeelemewa, hamia NVENC au Quick Sync (enkoda za ndani ya chipu za Nvidia na Intel) kama laptopu inayo badala ya kuitwisha prosesa. Fremu zilizodondoka kwenye mtandao, hapo ni intaneti, shusha bitireti (kiasi cha data unachorusha kila sekunde), usiguse kamera wala kebo. Na usiswichi kwa kuangalia ukurasa wa YouTube, uko nyuma sekunde kadhaa, ule mpe mtu mwenye simu yenye data ya mtandao mwingine akuangalizie tu kama inatoka.

Taa za nyumbani kwetu ni hezi 50, shata za kamera zote ziwe 1/50 ya sekunde, la sivyo utakuja tena kuuliza mistari inayopita kwenye picha.

Kuhusu kelele: OBS kuanzia toleo la 28 la mwaka 2022 ina WebSocket (njia ya programu nyingine kuongea na OBS kupitia mtandao) ndani yake, haihitaji tena kupakua plagini. Iwashe kwenye menyu ya zana, inatumia poti 4455. Wapigaji wanafunga simu zao juu ya kamera, wanafungua programu yoyote ya tali inayounga na OBS, simu inakuwa nyekundu kamera yake ikiwa hewani, kijani ikiwa priviu. Simu na laptopu ziwe kwenye ruta moja, beba yako hata isiyo na intaneti. Na nenosiri la WebSocket usilitoe, ukija kutumia waifai ya ukumbi kila mwalikwa yumo humo na vijana wa siku hizi hawakawii kukuswichia.