Mrejesho: Unyonge wa siku ya pili baada ya BDSM

Niliuliza hivi kuhusu BDSM, yaani michezo ya kimapenzi ya kufungana, kutawalana na kuumizana kwa ridhaa: kwa nini mtu aliyeridhia kufungwa kamba au kuchapwa, akafurahia kabisa, huamka kesho yake au keshokutwa na huzuni, huku mwenzake akidhani amemuudhi? Asanteni kwa majibu. Nimeyapima, haya ndiyo yaliyosimama.

Maelezo ya kawaida ni kwamba msisimko na maumivu hupandisha adrenalini (homoni ya msisimko) na endofini (kemikali za mwili za kutuliza maumivu), na zikishuka, hisia nazo hushuka. Utafiti wa Sagarin na wenzake wa 2009, Marekani, uliona kotisoli, homoni ya msongo, ikipanda kwa wanaofungwa au kuamriwa, si kwa wanaotawala. Pale mambo yalipokwenda vizuri, wawili walijiona wamekaribiana zaidi.

Lakini anayetawala naye huzama, mara nyingi kwa hatia: "Nimewezaje kumfanyia hivi nimpendaye?" Wengi humsahau. Naye anahitaji kuambiwa kwa maneno kwamba yale yaliyofanyika yalitakiwa.

Kwa vitendo, mkimaliza tu: blanketi, maji, kitu kitamu, na kukaa pamoja walau nusu saa bila simu. Wengine hawataki kuguswa muda huo, kwa hiyo ulizaneni kabla ya kuanza. Lawama na tathmini ziahirishwe hadi kesho, kwa sababu aliye bado kwenye msisimko husema "sawa" kwa kila kitu. Kisha kujuliana hali siku ya pili na ya tatu.

Unyonge ukipita wiki, au mtu akiogopa kusema hapana, hilo si la homoni tena. Simamisheni kila kitu, mtafute mshauri nasaha.