Naomba ushauri: "Alma Mater" kwenye bango la shule yetu

Assalamu alaikum ndugu zangu. Wanafunzi wa zamani wa shule moja hapa Lamu tunachangisha pesa za madawati, na bango linatakiwa kwa fundi kesho kutwa. Vijana wanaoishi Mombasa wanataka liandikwe "Alma Mater". Ni Kilatini, yaani mama mlishaji, na ndivyo watu wanavyoiita shule au chuo walichosoma. Warumi walimwita hivyo Ceres, mungu wao wa kike wa nafaka; Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, kinachojihesabia umri tangu 1088, kinayo maneno hayo katika jina lake.

Mzee wetu wa kamati kusikia habari za Ceres, kagoma katakata. Mimi napendelea "Mama Mlezi", ila wenzangu wanadai watu watadhani ni chama cha akina mama (nao hawajakosea sana). Mngeandika nini? Na mzee tumwendeeje bila kumvunjia heshima?